Albamu Iliyorekodiwa Stoo ya Mayai

Kuku wa mayai hana makuu. Mpe chakula kwa wakati, maji safi, mwanga na utulivu, naye atakulipa karibu kila siku. Mnyime kimoja, hasa hicho cha mwisho, na anagoma bila kutoa notisi. Mpwa wa mume wangu alilijua hilo vizuri, maana amelelewa humu humu Kocholia na ameokota mayai tangu kiganja chake kikiwa hakitoshi kushika mawili. Lakini likizo ya Agosti alipotua kutoka chuoni Nairobi, gitaa la umeme mgongoni, ombi lake lilikuwa moja: "Anti, tunaomba stoo ya mayai kwa siku chache. Tunarekodi albamu."

Nikamwuliza muziki wenyewe ni wa aina gani.

"Ska-panki."

Mume wangu, ambaye kwake gitaa lolote la kukatakata ni rege, alinitangulia kujibu. Akasema hakuna tabu, rege haijawahi kuua kuku. Yeye ni wakala wa kutoa mizigo forodhani pale Malaba. Mizigo ya wateja huikagua mpaka misumari. Ya ukoo wake huipitisha bila kuifungua.

Kwa waliojaliwa kutoujua muziki huu, nieleze kidogo. Ska ilizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla ya rege. Rege ni mjukuu wake aliyepunguza mwendo. Gitaa halipigi pale mguu unapotua, linapiga pale unaponyanyuka, ndiyo maana msikilizaji hatulii kitini. Juu yake huja shaba: tarumbeta, tromboni, saksofoni. Wengi wa wapigaji wa mwanzo walifunzwa chini ya masista wa Kikatoliki katika shule ya Alpha, mjini Kingston, iliyopokea wavulana wa familia maskini. Don Drummond wa tromboni na Tommy McCook wa saksofoni walipitia hapo kabla ya kukutana katika Skatalites mwaka 1964, bendi iliyodumu mwaka mmoja na kitu. Wahamiaji wakaibeba ska hadi Uingereza. The Specials wa Coventry wakaichanganya na panki mwishoni mwa miaka ya 1970. Kisha Wamarekani wakaipokea na kuimwagia petroli.

Petroli hiyo ndiyo iliyomfikia mpwa wetu ndani ya flashi. Aliipata kwa vijana wanne wa Berkeley, California, waliojiita Operation Ivy, jina la majaribio ya mabomu ya nyuklia ambayo Marekani iliyafanya katika Pasifiki mwaka 1952. Walianza mwaka 1987. Albamu yao ya pekee ya studio, Energy, ilitoka mwaka 1989: nyimbo 19 ndani ya dakika thelathini na kitu. Jioni ya kwanza aliifungulia jikoni nikiwa nimeteleka maji ya ugali. Hayakuwa yamechemka, nyimbo tatu zimeshapita.

Ilinikamata, sitaficha. Si kwa uzuri wa sauti, kwa sababu mwimbaji, Jesse Michaels, anaimba kama mtu anayekimbilia matatu iliyokwisha kung'oa. Kilichonikamata ni kwamba mle ndani hakuna aliyejitenga. Viitikio vinapigiwa kelele na watu wengi kwa pamoja, wamebanana, na kubanana kwenyewe unakusikia. Huo si muziki wa mtu mmoja aliyejifungia na kompyuta yake. Unataka nyumba yenye watu wengi kuliko vitanda. Kwa kigezo hicho nyumba yetu ilikuwa studio tangu siku ilipoezekwa.

Wenzake wakaingia mmoja mmoja. Wa besi alitoka Busia, kijana mpole mwenye mkoba wa waya. Wa tarumbeta alitoka Amagoro. Wa ngoma alikuwa binti mwembamba kutoka Bungoma, aliyekula kuliko wote na kuosha vyombo kuliko wote, kwa hiyo sikuwa na neno naye. Wa tromboni alitoka upande wa Kakamega na alikuwa mwanabendi wa Jeshi la Wokovu. Hilo halikunishangaza. Jeshi la Wokovu liliingia Kenya mwaka 1921, na huku Magharibi lilishika mizizi kiasi kwamba mwaka 2008 kazi yake nchini iligawanywa maeneo mawili, letu likiwa na makao makuu Kakamega. Ukisikia tromboni ikilia popote kati ya Kakamega na Malaba, aghalabu mpigaji alianzia kwenye tenzi za Jumapili. Kingston walikuwa na masista wao. Sisi tuna maofisa wenye sare nyeupe.

Tromboni ile ilikuwa ya kikosi, na ilitakiwa iwe imerudi Jumamosi jioni. Kumbuka hilo.

Vita vya kwanza vilizuka wakati wa chakula. Mpwa wetu alishikilia kwamba Operation Ivy hawakuwa na wapiga shaba, isipokuwa saksofoni moja ya mgeni katika wimbo mmoja, kwa hiyo shaba iwe kidogo. Kijana wa tromboni akaweka kijiko chini. Akasema ska bila shaba ni gitaa lenye kwikwi. Wa tarumbeta akamwunga mkono. Wa besi akasema lolote sawa. Binti wa ngoma akauliza kama kuna mboga zaidi. Mume wangu, ambaye shuleni alipuliza shaba kwenye bendi ya gwaride na hadi leo hulitaja jambo hilo kila panapotokea nafasi, akatoa hukumu: shaba iongezwe. Halafu akaomba aishike tromboni, dakika moja tu.

Vita vya pili vilikuwa vya trei. Nilikuta trei zangu zote za mayai zimegundishwa ukutani, sakafu hadi bati. Kijana wa besi akanieleza kwa heshima kwamba trei huzuia sauti isitoke. Hazizuii. Trei ya karatasi hupunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba. Sauti yenyewe hupita kwenye ukuta na kwenda zake. Ili kuizuia unahitaji kitu kizito, kinene, kisicho na tundu. Na ukuta huo upande wa pili ndiko walikokuwa kuku wangu.

Siku hiyo binti wa ngoma alipogonga mara ya kwanza, banda zima lilihamia kona moja. Kabla wiki haijaisha mayai yalipungua, na yaliyotagwa yalikuwa na maganda laini ya kubonyea. Hapo ndipo penye hasara. Wateja wangu ni kina mama wa Malaba wanaochemsha mayai na kukaanga chapati za madereva wa malori. Ukichelewa asubuhi moja, mteja hakulaumu. Anachukua mayai ya Uganda, ambayo yanavuka kila siku na mara nyingi bei yake iko chini ya yetu. Na akishayazoea, kumrudisha ni kazi.

Nikaitisha kikao. Wakakubali sauti inavuja. Suluhisho lao lilikuwa magodoro.

Yakaenda magodoro ya watoto, la wageni, na mwishowe la chumbani kwetu, lililotolewa na mwenye nyumba mwenyewe nikiwa sokoni. Yaliegemezwa juu ya trei, yakashikiliwa na magunia ya chakula cha kuku. Kwa haki ya Mungu, yalisaidia. Kuku walirudi katikati ya banda. Sisi tulilala kwenye mikeka, mume wangu akisifia jinsi mkeka unavyonyoosha mgongo, kisha akiamka ameukamata mgongo huo kwa mikono miwili.

Duru ya kwanza ya kurekodi ilikwenda arijojo. Kila chombo kilimeza kingine. Mpwa wetu akatutuliza kwa historia: Operation Ivy nao walijaribu kwanza kurekodi kwenye ukumbi wao wa vijana, 924 Gilman Street, ikashindikana, ndipo wakahamia studio San Francisco. Nikamwambia nauli ya San Francisco asinihesabu.

Ndipo mama yangu akatuma salamu kwamba anakuja.

Msomaji wa Busia hahitaji maelezo, lakini wa mbali anahitaji. Kwetu mkwe na mama mkwe wana mpaka wao, na hauna kituo cha pamoja kama ule wa Malaba. Hawapeani mikono, hawaketi karibu, hawachangii chungu cha pombe ya ajono hata mirija iwe mirefu namna gani. Mama yangu anaishi upande wa Amukura, aliongoza kwaya ya parokia kwa miaka mingi, na mpaka huo anaulinda kuliko askari. Alisema atafika Jumapili. Alifika Ijumaa, saa sita mchana, juu ya boda boda, na jogoo kwapani.

Saa sita mchana hiyo hali stooni ilikuwa hivi. Bati juu, magodoro pande zote, dirisha limezibwa kwa blanketi. Joto la kuiva maandazi. Kijana wa tromboni alikuwa ameruhusiwa kwenda Malaba kutafuta nauli ya kurudi na chombo cha watu, na mume wangu, aliyechukua likizo ya nusu siku kwa sababu ambazo hakunieleza, alikuwa ameshika nafasi yake. Shati alikuwa amelivua. Lilikuwa kwenye kamba uani, nimelifua. Mlango wa stoo ni mmoja tu na unafungukia uani. Uani kuna mwembe. Chini ya mwembe, kwenye kiti nilichomletea kwa mikono inayotetemeka, aliketi mama.

Nikagonga ukuta. Nikasema kwa sauti ya chini mgeni ni nani.

Tromboni ilinyamaza katikati ya noti.

Kulikuwa na njia nyingi za kulimaliza jambo lile. Ningeweza kumpitishia shati dirishani. Lakini shati lilikuwa limelowa chapachapa, na dirisha la stoo lilimtazama mama uso kwa uso. Mume wangu akaamua kwamba mtu mzima mwenye heshima hubaki ndani mpaka mkwewe aingie kupumzika. Mama hakuingia kupumzika. Aliuliza godoro la wageni liko wapi.

Kwa hiyo waliendelea kurekodi. Angefanya nini kingine? Tromboni ambayo mpwa wetu alitaka iwe kidogo imo katika nyimbo zote zilizobaki, kwa sababu mpigaji hakuwa na pa kwenda. Kati ya wimbo na wimbo mfungwa yule alitoa mafunzo. Aliwaambia kwamba miaka hiyo hiyo ya Skatalites, Kenya ilikuwa na twisti yake, na kwamba Daudi Kabaka aliimba Helule Helule hadi The Tremeloes wa Uingereza wakauchukua na kuutoa kwao mwaka 1968. Akawapigia mdundo kwa viganja juu ya gunia. Wimbo wao wa sita umebeba twisti hiyo ndani, imefichwa chini ya mwendo wa kasi, na kwa maoni yangu ndio bora kuliko yote.

Kisha token za umeme zikaisha.

Gitaa likafa, besi ikafa. Kompyuta ilikuwa na chaji, na maikrofoni iliyochomekwa humo ikabaki hai, jambo ambalo halikukumbukwa kwa wakati. Simu ya mume wangu nilikuwa nayo mimi, nimeitoa kwenye mfuko wa shati kabla ya kufua. Pesa za token zilikuwa kwenye simu hiyo. Namba ya siri ilikuwa kichwani mwake. Alijaribu kuninong'oneza kupitia tundu la hewa. Kuku wakapiga kelele. Akaongeza sauti. Nikasikia tarakimu mbili. Akarudia zote nne kwa sauti ya mtu anayeagiza mwenzake aliye ng'ambo ya mto, na chini ya mwembe mama akazirudia polepole, akanijulisha kwamba ya tatu ni saba.

Namba hiyo imebadilishwa. Lakini ilirekodiwa, kati ya wimbo wa nne na wa tano, na sehemu yenyewe ilikuwa tamu kwa sababu ya kuku, hivyo hawakuifuta. Waliifunika kwa tarumbeta. Ukisikiliza utasikia noti nne fupi, moja kwa kila tarakimu.

Tukingoja stima irudi, binti wa ngoma akaokota chupa ya Fanta, zile za kioo zenye mikunjo, akaanza kuigonga na kuikwaruza, kama ilivyosindikiza magitaa ya mtindo wa omutibo zama za mwanamuziki George Mukabi. Mpwa wetu akacheza gitaa bila umeme, maikrofoni imesogezwa hadi karibu na nyuzi. Mama aligeuza kichwa.

"Huyo wa gitaa anachelewa," akasema.

"Nyanya, ndiyo ska yenyewe," mpwa akajibu kutoka gizani.

"Basi achelewe sawasawa."

Akapiga makofi mahali pake, pale pale mguu unaponyanyuka, kavu na bila kuyumba, na ndani ya stoo wakamfuata. Mambo ya kwaya hayamtoki mtu. Nilisimulia baadaye habari za Sista Ignatius wa Alpha, aliyekuwa na rekodi zake na kuwapigia wavulana muziki yeye mwenyewe, na mama akauliza kwa nini habari hiyo haikumfikia mapema. Angeiwasilisha kwa padri.

Stima iliporudi walihitaji sauti za kiitikio. Watoto wetu waliingia, msichana wa kazi aliingia, na jirani yetu, mzee wa Nyumba Kumi, aliyekuja kulalamikia kelele akiwa na daftari la malalamiko, aliingia kuandika na hakutoka. Mama wakamtaka pia. Lakini ndani kulikuwa na mkwe asiye na shati. Ndipo blanketi la dirishani likafunuliwa kwa upana wa mkono, maikrofoni ya pili ikatolewa nje kwenye waya wake mrefu, ikafungwa kwenye tawi la mwembe, mama akageuka, akakaa ameipa stoo mgongo. Aliimba hivyo. Mkwewe alipuliza hivyo, naye amelipa dirisha mgongo. Kiitikio ni cha kelele, maneno yake ni ya foleni ya malori, jambo ambalo kila mtu hapa analifahamu tangu ule mwaka wa 2020 madereva waliposubiri vipimo vya korona na foleni ikanyoosha makumi ya kilomita. Walirudia mpaka mzee wa Nyumba Kumi akapoteza sauti.

Nimewahi kusikia rekodi zilizopigwa msasa hadi huwezi kujua kama aliyeimba ana mwili. Hii ina miili. Ina honi ya lori, ina jogoo wa mama, na inaenda mbio toka mwanzo hadi mwisho. Ina kasoro pia. Besi haisikiki vizuri, na wimbo wa tatu ulipaswa kuachwa stooni. Nairobi kuna Crystal Axis wanaopiga panki safi zaidi, na Cape Town Hog Hoggidy Hog walishachanganya panki na ska kwa shaba iliyopangwa; vijana wetu hawajafika huko. Lakini sijasikia kwingine kiitikio kilichobebwa na watu wawili ambao adabu inawakataza kutazamana.

Tromboni ilirudi kikosini Jumamosi, saa na nusu nyuma ya muda, ikiwa na unyoya mmoja ndani ambao, nasikia, ulitoka Jumapili katikati ya utenzi. Mume wangu alitoka stooni giza lilipoingia, amejifunga gunia la chakula cha kuku.

Bendi yenyewe haipo tena. Binti wa ngoma amepata kazi Eldoret, wa besi amevuka kwenda kusoma Kampala. Mpwa wetu hakuhuzunika. Alinikumbusha kwamba Operation Ivy walivunjika Mei 1989, mwaka ule ule albamu ilipotoka. Onyesho la kuagana lilifanyika Gilman, na Green Day, waliokuwa ndio kwanza wamechukua jina hilo, walikuwamo. Kesho yake wakapiga tena mara moja ya mwisho, uani nyumbani kwa rafiki. Nilimwuliza kama mama wa rafiki huyo alikuwa na kuku. Hakujua.

Kuku wangu walichukua muda kurudi kazini. Trei nilizibandua moja moja, nikazipangusa gundi, nikazirudisha kwenye biashara. Sikuzigeuza. Kumbe waimbaji, kwa kukosa karatasi, walikuwa wameandika mashairi yao kwa kalamu nene migongoni mwa trei zilizokuwa mbele ya maikrofoni, ubeti mmoja kwa trei moja, nami nikaziuza Malaba zikiwa na mayai juu na maneno chini. Juzi dereva wa lori la kwenda Kampala alifika kibandani akiwa na trei tupu. Akaigeuza, akanisomea ubeti wa kwanza wa ule wimbo wa foleni, kwa sauti, kina mama wa chapati wakisikiliza. Akauliza ubeti wa pili uko kwenye trei gani.

Nikamwambia itabidi anunue hadi aipate. Amechukua tatu.